Rapa aliyeishtaki serikali ya Marekani: jibu kwa msomaji kuhusu Xiuhtezcatl Martinez

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Moshi, naandika mistari na kurekodi kwa simu. Nimekutana na video ya rapa wa Marekani mwenye nywele ndefu, jina lake hata kulitamka siwezi: Xiuhtezcatl Martinez. Nilipowaonyesha washikaji, mmoja akasema huyo si Mhindi Mwekundu, ni Mmexico tu. Mwingine akasema ni mtoto wa kamera, na kesi zote alizofungua ameshindwa. Naomba unieleze huyu ni nani hasa, na kama rap yake iliwahi kusaidia kitu. Nauliza kwa sababu na mimi nina jambo la mto wa huku kwetu nataka kulisemea.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jina lisikusumbue: sema "Shu-tez-kat" na utaeleweka. Mashabiki wake wengi wamelikata kabisa, wanamwita X. Alizaliwa Colorado tarehe 9 Mei 2000 na kukulia Boulder, mji ulio chini ya milima ya Rocky. Na hilo la "Mhindi Mwekundu" waachie wenye filamu za kauboi. Wenyewe hujitaja kwa majina ya mataifa yao: Walakota, Wanavajo, Washoshone. Upande wa baba, X ni wa Wamexica, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Waazteki.

Huyo mshikaji wako wa kwanza ameteleza mahali ambapo wengi huteleza. Anadhani mtu akishakuwa Mmexico hawezi tena kuwa mwenyeji wa asili wa bara lile. Wahispania waliuangusha mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, lakini watu hawakuisha, na lugha yao haikufa. Kinahuatl kina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu nchini Mexico hivi leo. Halafu kuna suala la mpaka. Mwaka 1848, baada ya vita, Mexico ililazimishwa na mkataba wa Guadalupe Hidalgo kuachia karibu nusu ya nchi yake kwa Marekani. California ilikwenda, na New Mexico, na hata sehemu ya Colorado yenyewe. Familia zilizolala Mexico ziliamka Marekani bila kuhama nyumba. Ndiyo maana Wachicano wana msemo kwamba hawakuuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka wao.

Mchicano ni nani basi? Ni Mmarekani mwenye asili ya Mexico, ila si kila mwenye asili hiyo hujiita hivyo. Zamani lilikuwa tusi. Miaka ya 1960 vijana wakalichukua kama nembo ya harakati: haki za vibarua wa mashambani, shule zinazofundisha historia yao, ardhi, na kukiri waziwazi kwamba damu ya wenyeji wa asili imo ndani yao wala hawaionei haya. Colorado ilikuwa kitovu kimojawapo. Mwaka 1966 Rodolfo "Corky" Gonzales, bondia wa zamani aliyegeuka mshairi, alianzisha mjini Denver chama kilichoitwa Crusade for Justice, na Machi 1969 kikawakusanya vijana wa Kichicano kutoka nchi nzima kwenye mkutano wao mkubwa wa kwanza. Mjini Boulder, huko huko alikokulia X, wanaharakati sita wa Kichicano waliuawa kwa mabomu ya magari mawili ndani ya siku chache za Mei 1974. Nakutajia haya kwa sababu ukimtazama X peke yake utadhani ameota kama uyoga. Udongo ulikuwa tayari.

Hip hop nayo ilikuwa tayari. Kid Frost wa East Los Angeles aliachia "La Raza" mwaka 1990, nusu Kiingereza nusu Kihispania, na kuanzia hapo rap ya Kichicano ikawa na mlango wake. Mjini Los Angeles kundi la Aztlan Underground likachanganya rap na ngoma za wenyeji wa asili. Taboo wa Black Eyed Peas, ambaye bila shaka umemwona ukiwa mtoto bila kujua asili yake, ana damu ya Washoshone na ya Mexico. X alipoanza kushika maikrofoni alikuta barabara ina nyayo.

Sasa nyumbani kwake. Mama yake, Tamara Roske, ndiye mwanzilishi wa Earth Guardians, taasisi iliyoanza mwaka 1992 kama shule kisiwani Maui, Hawaii, kisha ikahamia Colorado na kuwa mtandao wa vijana wanaotetea mazingira. Baba yake ndiye aliyemlea katika mila za Wamexica: ngoma, sala na lugha. Kwa hiyo ndiyo, washikaji wako wana hoja kidogo: mtoto huyu hakuokota harakati barabarani, alizikuta mezani. Alipanda jukwaa la mkutano wa hadhara akiwa na miaka sita. Ukitaka kumhukumu kwa hilo, wahukumu na watoto wa waimba taarab wanaoanza kushika kinanda kabla ya kusoma.

Lakini mtoto hawezi kusimama miaka kumi kwa maneno ya mama tu. Lazima kuwe na kitu anachokiona kwa macho yake, na kwa watoto wa Boulder kitu hicho kilikuwa msitu. Kuna mbawakawa mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele, anayetoboa ganda la msonobari na kutaga mayai chini yake. Mabuu hula sehemu laini inayopitisha chakula cha mti, na mbawakawa huja na ukungu unaoziba njia za maji. Mti unakufa umesimama, na majani yake ya sindano yanageuka mekundu kama kutu. Zamani baridi kali ya kipupwe iliua mabuu mengi kila mwaka. Vipupwe vilipopungua ukali, mbawakawa wakabaki hai, na milima mizima ya Colorado ikabadilika rangi. Septemba 2010 moto wa Fourmile Canyon, juu kidogo ya Boulder, uliteketeza nyumba zaidi ya 160. Septemba 2013 ikaja mvua iliyosomba barabara na madaraja ya eneo hilo hilo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 aliona yote haya kabla hajafikisha miaka kumi na minne.

Hatua zake za mwanzo zilikuwa ndogo ndogo, za mtaani: dawa za kuulia wadudu kwenye bustani za mji, mifuko ya plastiki. Nataka usizipite haraka. Kwenye vikao vya halmashauri za miji ya Marekani, mwananchi yeyote huruhusiwa kusimama mbele ya maikrofoni, lakini kwa dakika mbili au tatu tu, na saa inahesabu mbele ya macho yake. Wewe unayeandika mistari unajua: vesi ya mistari 16 kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika inakwenda kama sekunde 43. Ukizoea kubana kisa chenye mwanzo na mwisho ndani ya sekunde 43, dakika mbili za halmashauri ni uwanja mpana. Kwa maoni yangu hapo ndipo rap ilipomsaidia kwanza, kabla ya albamu yoyote. Ilimfunza kuingia kwenye hoja bila kubisha hodi.

Wakati huo huo yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wakizunguka shuleni kuimba. Nyimbo hizo, nikuambie ukweli, nyingi ni kaulimbiu zilizowekewa biti. Kiitikio kifupi, mikono juu, watoto wanaitikia. Kwenye mkutano wa hadhara zinafanya kazi yake vizuri kabisa. Ukizisikiliza na spika za masikioni usiku, hazikai.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, serikali ya Obama ilimpa tuzo ya vijana wanaojitolea katika jamii. Shika hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye gesi, maana hapo ndipo maisha yake yanapoacha kuwa hadithi ya mtoto mwenye kipaji. Kaskazini ya Denver kuna mafuta na gesi zilizonaswa ndani ya mwamba mgumu. Kuzitoa, kampuni huchimba kisima kwenda chini, kisha hukikunja kiende mlalo, halafu husukuma humo maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba upasuke. Mchanga hubaki kwenye nyufa ili zisijifunge, na gesi hupata njia. Visima vilisogea hadi karibu na nyumba na shule. Wapiga kura wa mji wa Longmont walipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2012. Mei 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaifuta marufuku yao, ikisema mji hauwezi kupingana na sheria ya jimbo.

X na wenzake waligundua mlango mwingine. Novemba 2013 waliandika ombi kwa tume ya jimbo inayosimamia mafuta na gesi. Walitaka kanuni moja: tume isitoe kibali cha kuchimba mpaka sayansi bora iliyopo ionyeshe, na chombo huru kithibitishe, kwamba uchimbaji huo, ukijumlishwa na shughuli nyingine, hauharibu hewa, maji, ardhi na wanyamapori, haudhuru afya ya watu wala hauchangii mabadiliko ya tabianchi. Ombi lenyewe linatosha kurasa chache. Hakuna kelele humo.

Tume ikakataa mwaka 2014. Ikasema sheria inaiamuru ihimize uchimbaji na pia ilinde afya, kwa hiyo kazi yake ni kupima huku na huku, na kanuni hiyo ingeweka upande mmoja juu ya mwingine. Vijana wakaenda mahakamani. Shauri likabeba jina lake, Martinez. Mahakama ya mwanzo ikawakatalia. Lakini Machi 2017 Mahakama ya Rufani, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikawapa: ikasema kulinda afya ya umma si kitu cha kuwekwa kwenye mizani na faida, ni sharti ambalo uchimbaji lazima utimize kwanza. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Aprili 2017, nyumba moja katika mji wa Firestone ililipuka kwa gesi iliyovuja kutoka bomba la kisima jirani lililokuwa limekatwa na kusahaulika ardhini. Watu wawili wakafa. Baada ya siku ile, suala la umbali kati ya kisima na jiko la mtu halikuwa tena la wanamazingira peke yao.

Januari 2019 mahakama ya juu ya jimbo ikaipindua hukumu ya rufani, majaji wote kwa kauli moja. Mshikaji wako wa pili anasoma mpaka hapo halafu anafunga kitabu: ameshindwa. Kweli ameshindwa. Ila tazama wameshindwa kwa sababu gani. Majaji hawakusema uchimbaji ni salama. Walisema sheria kama ilivyoandikwa inaitaka tume ihimize uchimbaji, na ipunguze madhara kwa kadiri gharama na teknolojia zinavyoruhusu. Yaani waliwaonyesha wananchi kwa kidole kifungu kinachowazuia. Miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Aprili 2019, Gavana Jared Polis akatia saini sheria namba 181 ya mwaka huo. Neno la kuhimiza likatolewa, likawekwa la kudhibiti, na ulinzi wa afya na mazingira ukatangulizwa. Miji ikapewa sauti juu ya ardhi yake. Novemba 2020 tume ikapitisha kanuni ya umbali wa futi 2,000, kama mita 610, kati ya kisima na nyumba au shule, ingawa na mianya yake.

Sitakudanganya kwamba rapa mmoja ndiye aliyeibadili sheria. Firestone ilichangia, uchaguzi wa Novemba 2018 uliobadili wingi wa viti kwenye bunge la jimbo ulichangia, na kura ya maoni iliyoshindwa mwaka huo huo ilichangia pia kwa kuonyesha kwamba wachimbaji wangemwaga mamilioni ya dola kuzuia chochote. Lakini bila lile ombi la 2013, kifungu chenyewe kingeendelea kulala bila mtu kukifunua shuka.

Watu wa kamera hawaifahamu kesi hiyo. Wanaifahamu hotuba ya tarehe 29 Juni 2015, New York, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alikuwa na miaka 15. Alifungua kwa sala ya Kinahuatl, akazungumza Kiingereza na Kihispania pia, bila karatasi mbele yake. Ilisambaa dunia nzima. Mimi naiona kama kazi nzuri ya jukwaani na kazi ndogo ya siasa. Wajumbe walipiga makofi. Wajumbe hupiga makofi. Kama umeona video moja tu yake, huenda ni hiyo, na ndiyo maana picha uliyonayo ni ya mtoto anayewaliza wakubwa.

Wiki sita baadaye alifanya jambo ambalo mtoto wa kamera asingelifanya. Agosti 2015, yeye na vijana wengine 20 walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Eugene, Oregon. Linajulikana kwa jina la mlalamikaji wa kwanza, Kelsey Juliana. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka minane. Mwanasayansi James Hansen aliingia kama mwakilishi wa vizazi vijavyo. Na walalamikiwa? Serikali ya Marekani, na Barack Obama kwa cheo chake cha urais. Yule yule ambaye serikali yake ilimpa tuzo miaka miwili kabla. Donald Trump alirithi kesi kama alivyorithi ofisi.

Hoja yao ilisimama juu ya miguu miwili. Mmoja ni katiba: haki ya uhai na uhuru haina maana bila hali ya hewa inayoweza kuutunza uhai huo, na serikali kwa miongo mingi imeruzuku na kuruhusu mafuta na makaa ikijua madhara yake. Wa pili ni kanuni ya kale ya kisheria kwamba mali fulani za asili serikali inazishika kama amana ya wananchi, wa leo na wa kesho. Novemba 2016 Jaji Ann Aiken alikataa kuitupa kesi. Akaandika kwamba haki ya kuwa na tabianchi inayoweza kubeba maisha ya binadamu ni ya msingi. Haikuwahi kuandikwa hivyo na jaji wa shirikisho kabla ya hapo.

Kesi ilipangiwa kuanza kusikilizwa tarehe 29 Oktoba 2018. Siku kumi kabla, Mahakama ya juu ya nchi ikaisimamisha kwa muda, na baada ya vuta nikuvute za mawakili haikusikilizwa kamwe. Tarehe 17 Januari 2020 majaji watatu wa rufani, wawili dhidi ya mmoja, wakaifuta. Hapa nakuomba usome kwa makini, maana ndipo penye somo lako. Majaji wawili walikubali kwamba tabianchi inabadilika kwa kasi, na kwamba mchango wa serikali si uzembe tu, imeyasukuma mambo yenyewe. Walikubali hata kwamba baadhi ya vijana wameumia. Walichokataa ni uwezo wa mahakama kutoa dawa: mpango wa kuiondoa nchi kwenye mafuta, wakasema, ni kazi ya bunge na rais. Jaji wa tatu, Josephine Staton, aliwapinga vikali. Alifananisha jambo lenyewe na kimondo kinachokuja kasi kuigonga dunia huku serikali ikizima kinga pekee tuliyonayo. Vijana waliendelea kuhangaika mpaka Mei 2024, mahakama ya rufani ilipoamuru ifungwe, na Machi 2025 Mahakama ya juu ikakataa kuigusa.

Miaka tisa na ushee, na hakuna hata shahidi mmoja aliyepanda kizimbani. Ndiyo, ameshindwa tena. Ila mawakili wale wale walioiendesha kesi hiyo, wa shirika la kisheria la Our Children's Trust, walikwenda Montana, ambako katiba ya jimbo inataja haki ya mazingira safi kwa maandishi, wakiwa na vijana wengine 16. Huko kesi ilisikilizwa, na Agosti 2023 jaji akawapa ushindi. Desemba 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikauthibitisha. X hakuwa mlalamikaji Montana. Lakini mawakili walikuwa wamejifunza kwa gharama ya kesi yake mahali pa kugonga.

Katikati ya haya yote alikuwa akiandika muziki. Mwaka 2016 Walakota wa Standing Rock walipopinga bomba la mafuta kupita chini ya maji yao, wasanii wengi wenye asili ya wenyeji walijitokeza, na ile rap ya Taboo na wenzake kuhusu Standing Rock ikapata tuzo ya MTV mwaka 2017. X alikuwa kwenye wimbi hilo hilo. Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, "Break Free", ilitoka 2018. Hapo unasikia mtu aliyechoka kuwa bango. Anazungumzia familia, mapenzi, uoga, ukubwa unaomjia haraka. Siyo kila wimbo umekaa. Mara nyingine anataka kusema kila kitu ndani ya vesi moja, ugonjwa wa kila aliyezoea majukwaa. Lakini sauti yenyewe imetulia, na lugha zake zinapishana bila kujionyesha. Baadaye aliachia nafasi aliyokuwa nayo ya mkurugenzi wa vijana wa Earth Guardians, muziki ukachukua nafasi kubwa zaidi.

Baadhi ya watu walimlaumu kwa hilo, eti amekimbia. Mimi sioni hivyo. Mtoto aliyeanza kazi akiwa na miaka sita alikuwa na utumishi wa zaidi ya muongo kabla ya kufika miaka ishirini. Na kuna jambo jingine ambalo watu wa majukwaa hawapendi kulisema: mikutano ya kimataifa hupenda kijana wa asili mwenye nywele ndefu na sala ya kufungulia kikao, kisha humwomba akae chini wakati wa kuandika maazimio. Msanii akiliona hilo mapema, ana haki ya kutafuta jukwaa ambalo yeye ndiye mwenye orodha ya nyimbo.

Swali lako la mwisho, kama rap ilisaidia kitu. Mahakamani haikusaidia chochote. Hakuna jaji aliyemnukuu. Ilichofanya ni kuwaleta watu. Shauri linalokaa mahakamani miaka tisa lingesahaulika katika mwaka wa pili kama kusingekuwa na mtu wa kulisimulia kwenye shule, matamasha na redio kwa lugha ya rika lake. Hati ya mashtaka inasomwa na mawakili kumi na watano. Kiitikio kinabebwa na mtoto anayetembea kwenda shule. X alikuwa na vyote viwili, na naona hapo ndipo wengi wanaomwiga wanapokosea: wanachukua kiitikio, hati wanaiacha.

Na wewe na mto wako. Kwanza, usiige njia yake mzima mzima, kwa sababu mlango uliomfungia yeye kwako uko wazi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya katika kifungu cha 4, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda kudai haki hiyo inapotishiwa. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: Ibara ya 70 ya katiba yao ya 2010 inasema mlalamikaji wa mazingira hahitaji hata kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Vijana wa Eugene wangelia kwa furaha wangekuwa na sentensi hiyo moja.

Pili, kabla ya kuingia studio nenda ofisi ya kijiji au halmashauri uulize kama mradi unaokusumbua ulifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kama una cheti. Omba kuiona. Andika tarehe uliyoomba na jibu ulilopewa. Piga picha maji yakiwa safi na yakiwa machafu, mahali pale pale, ukitaja siku. Mtafute mwanasheria wa msaada wa kisheria akusomee sheria inasema nini kuhusu mto, maana huenda kosa limo kwenye utekelezaji na sheria yenyewe ni nzima. Hapo barua moja inaweza kutosha bila kesi.

Halafu ndipo uandike. Taja mto kwa jina lake. Kichagga chako kikiingia, kiingie kwa sababu bibi yako ndivyo anavyouita mto huo, usikitie kama pambo la kuwafurahisha wageni. Watu wa Arusha wanalikumbuka kundi lao la X Plastaz, lililomweka Mmaasai aimbe kwa sauti yake ya kwao juu ya biti ya hip hop, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani anaongea. Ukimaliza demo nitumie, pamoja na nakala ya hiyo barua ya halmashauri. Nitaanza na barua.